Krimu ya urea nzuri, farmasi mbaya: uzoefu wangu Lubumbashi

Kumnyang'anya mteja tyubu mkononi kwa sababu anasoma maandishi ya nyuma! Ndivyo nilivyofanyiwa kiangazi hiki, baridi ikiwa imeshika, kwenye farmasi moja ya katikati ya mji hapa Lubumbashi. Nilikuwa na swali moja tu: krimu hii ina urea asilimia ngapi? Muuzaji, koti jeupe limepigwa pasi safi, macho kwenye simu, akanijibu: "Mama, uko munganga? Unanunua ao haununue?" Akaivuta tyubu na kuirudisha nyuma ya kioo.

Nilinunua. Chenji nilipewa ya noti zilizochakaa hadi zinaachana mkononi. Na krimu yenyewe, lazima niseme ukweli, ni nzuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana dawa nzuri ya ngozi kavu imewekwa mikononi mwa mtu asiyejua anauza nini.

Swali la asilimia si la udadisi. Urea imo tayari ndani ya ngozi yetu, kazi yake ni kushika maji. Ikiwa asilimia 5 hadi 10, inalainisha mikono na miundi. Ikifika 20 na kuendelea, inaanza kumung'unya ngozi ngumu, kwa hiyo hiyo ni ya visigino. Ukiipaka usoni, au kwa mtoto mchanga, inaweza kuwasha na kuunguza. Tyubu hizo mbili zinaweza kufanana kwa rangi na ukubwa, tofauti ni herufi ndogo za nyuma tu. Hata pasipo na asilimia, mpangilio wa viungo unasaidia: huanzia kilicho kingi kwenda kwenye kichache. Ukiona urea imeandikwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, jina limetumika kuuzia tu.

Ngozi kavu watu huidhani ni ngozi iliyokosa mafuta. Tatizo hasa ni maji yanayotoroka. Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta: seli ni matofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati ni udongo unaoyashikanisha. Udongo ukitoka, maji yanapita. Hapa kwetu mvua ikishakatika, hewa inabaki kavu miezi mingi, usiku wa Juni na Julai unauma, na watu wanafanya mambo mawili yanayomaliza udongo huo: wanaoga maji ya moto sana kutoka kwenye mbabula (jiko la makaa), na wanajisugua kwa sabuni ya kufulia. Sabuni hiyo ni kali, wakati ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Ukishajifuta unasikia ngozi imebana, na baada ya muda mfupi miundi inakuwa myeupe kama imepakwa unga. Kukaa karibu na mbabula kila jioni kunaongeza, tena kunaweza kuacha madoa ya wavuwavu kwenye miguu.

Basi maji yawe ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni iende kwapani, sehemu za siri na miguuni, siyo mwili mzima kila siku. Dodoki liache lipumzike msimu wa baridi. Jifute kwa kugusagusa, usisugue, na upake ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza pesa zao. Wanapaka baada ya kuvaa, ngozi imeshakauka, kisha wanasema krimu haifanyi kazi. Krimu inafungia maji yaliyopo, haiyaleti kutoka kwingine.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili. Mtu mzima kujipaka mwili mzima mara moja anahitaji gramu 20 hadi 30. Tyubu ya gramu 100 itaisha kwa siku chache ukifanya hivyo! Kwa hiyo urea iwekee miundi, viwiko, mikono na visigino, mwili mwingine upake vazelini ya kawaida isiyo na harufu. Ni rahisi, na katika kuzuia maji yasitoke hakuna kinachoishinda.

Visigino vilivyopasuka viloweke maji ya vuguvugu dakika 10, pitisha jiwe taratibu, kausha, paka urea, vaa soksi ulale. Ufa ukiwa unatoa damu, usiguse urea, utalia. Paka vazelini mpaka ufunge. Mwenye kisukari asijisugue wala kujikata ngozi ngumu mwenyewe, kidonda cha mguu kwake kinaweza kufika mbali.

Sasa huyu muuzaji. Nikiwa bado pale, alimuuzia kijana mmoja gliserini tupu kwenye chupa isiyo na lebo, akamwambia apake hivyo hivyo. Gliserini inavuta maji. Hewa ikiwa kavu namna hii, na hujaichanganya, inayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe, na unabaki unanata na kuwashwa. Changanya sehemu moja kwa mbili au tatu za maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza kidogo tu kwa sababu maji yanaharibika, kisha funika kwa vazelini. Maneno hayo yanasemwa kwa muda mfupi kuliko kuhesabu chenji.

Nilikuwa tayari kusema: vumilieni ukorofi wake, krimu inastahili. Lakini alifika mama na mtoto mgongoni. "Yaya, ngozi ya mtoto inakauka, usiku anajikuna sana." Hakumtazama mtoto. Hakuuliza kama wengine nyumbani wanajikuna, wala kama kuna vipele katikati ya vidole, na hizo ndizo dalili za upele unaoambukiza, ambao nyumba nzima inatibiwa kwa wakati mmoja. Alimpa tyubu iliyoandikwa clobetasol. Kwa mtoto! Hiyo ni kati ya dawa kali kuliko zote za kundi lake, steroidi za ngozi, ya kupaka kwa muda mfupi, kwa maelekezo ya daktari, na si ya watoto wadogo. Inanyamazisha muwasho haraka, ndiyo maana inapendwa, na ndiyo hiyo hiyo inayochanganywa kwenye krimu za kujichubua. Inapunguza unene wa ngozi, inaacha michirizi isiyofutika, na kwa mtoto inaweza kuingia mwilini na kuvuruga ukuaji wake.

Nilimwambia yule mama asipake, aende kituo cha afya. Muuzaji akaniambia nimharibie biashara nje, siyo ndani.

Basi nafuta niliyotaka kusema. Msiende kwake. Krimu ya urea ya asilimia 10 ombeni farmasi nyingine wawaagizie, na ikikosekana, vazelini juu ya ngozi yenye unyevu inafanya sehemu kubwa ya kazi kwa bei ndogo. Na kwa aliyeshapaka hiyo clobetasol majuma mengi mfululizo: usiiache ghafla peke yako, ngozi inaweza kurudi nyekundu na kuwaka kuliko mwanzo. Chukua tyubu yenyewe, nenda nayo kwa munganga wa ngozi, aipunguze hatua kwa hatua.