Kusubiri ukaazi wa kudumu wa Kanada kwa udhamini wa mume: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Habari zenu ndugu zangu. Jambo hili nimeulizwa sana, sokoni, kanisani na hata kwenye kikoba chetu, kwa hiyo naliandika kwa urefu ili anayelihitaji alipate lote mahali pamoja.

Mume wangu anaishi Edmonton, jimbo la Alberta, na ni mkaazi wa kudumu wa Kanada. Mimi niko Mbeya, nina fremu ya vitenge Mwanjelwa, na nina binti wa miaka tisa niliyemzaa kabla ya ndoa hii. Mwishoni mwa 2024 mume wangu aliomba kutudhamini, mimi na mtoto. Mpaka naandika haya bado tunasubiri. Idara ya uhamiaji ya Kanada yenyewe imetangaza kwamba lengo ni kumaliza maombi mengi ya aina hii ndani ya miezi 12, kama mdhamini haishi jimbo la Quebec. Sijafika mwisho, ila nimeshapita hatua za kutosha kusema lipi linafaa na lipi linaumiza.

Ukweli ni kwamba haya ni maombi mawili yanayokwenda pamoja. Mume anaomba akubaliwe kuwa mdhamini, mke anaomba ukaazi. Yote yanajazwa mtandaoni. Kwa viwango vya mwaka 2024 tulilipa dola 1,205 za Kanada kwa ajili yangu: 85 za udhamini, 545 za kushughulikia faili na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu. Hizo 575 zinarudishwa ukikataliwa. Mtoto alilipiwa 175, na alama zangu za vidole 85. Mtoto aliye chini ya miaka 14 hatoi alama za vidole, kwa hiyo msimsafirishe bure.

Hapa mjini kuna uvumi kwamba lazima mume awe na mamilioni benki ndipo adhamini. Si kweli. Anayemdhamini mke au mume, kwa kawaida, hapimwi kwa kima cha chini cha kipato. Wanachotazama ni kama anaishi kwa fedha za msaada wa serikali (isipokuwa msaada wa ulemavu), kama amefilisika, kama ana madeni ya udhamini wa zamani, na mambo ya makosa ya jinai. Na kama ni mkaazi wa kudumu, lazima awe anaishi Kanada kwenyewe wakati anadhamini. Raia anaweza kudhamini akiwa nje, mradi aonyeshe kwamba mtaenda kuishi kule.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Kabla hatujaanza kujaza, nilipelekwa na shoga yangu kwa mtu mmoja anayejiita wakala wa safari za nje. Alitaka fedha nyingi, lakini si hilo lililonishtua. Alipoona nina mtoto ambaye si wa mume wangu, akasema, "Dada, huyu mtoto tumtoe kwanza. Faili litakuwa jepesi, utaondoka haraka, ukishafika utamwita." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekusaidia. Nilimshukuru, nikaaga, sikurudi tena.

Ndugu zangu, ushauri ule ungeweza kunitenganisha na mwanangu. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu cha 117(9)(d), zinasema ndugu wa familia ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi anaomba ukaazi, baadaye hahesabiwi kuwa mwanafamilia wa kudhaminiwa. Septemba 2019 ilianzishwa sera ya majaribio iliyolegeza kwa baadhi ya watu, lakini sera ya majaribio inaweza kufungwa wakati wowote, na mimi siwezi kumweka mwanangu kwenye jambo la namna hiyo. Hata mtoto ambaye huendi naye sasa, anayebaki kwa bibi Tukuyu au Kyela, lazima atajwe na apimwe afya. Na ukigundulika umeficha au umedanganya, unaweza kufungiwa miaka mitano usiombe ukaazi.

Vishoka wa namna hii wapo, na wanaongea vizuri. Sheria ya Kanada inaruhusu watu wachache tu kulipwa kwa kazi ya kukuwakilisha: mawakili wenye leseni kule, na washauri waliosajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. Wa Quebec wana pia wathibitishaji wao wa kisheria (notaries). Mtu wa steshenari akikusaidia kuskani na kupakia, hiyo ni kazi yake halali, mlipe. Lakini anayekupangia nini useme na nini ufiche, mkimbie.

Tukajaza wenyewe, mimi na mume wangu, kwa simu. Saa kumi na moja alfajiri ya Mbeya ni saa mbili usiku ya Edmonton wakati wa kiangazi chao, na saa moja usiku wakati wa baridi. Ndiyo saa yetu hiyo, yeye katoka kazini, mimi sijafungua fremu. Tulipofika kwenye fomu ya udhamini, mume wangu akanisomea ahadi anayosaini. Kwa mke ni miaka 3 ya kuhakikisha hatumii fedha za msaada wa serikali, na akitumia, mdhamini anazirudisha. Kwa mtoto kama binti yangu ni miaka 10. Ahadi hiyo haifutiki hata ndoa ikivunjika. Nilimwambia afikirie kwanza, maana si damu yake. Akasema, "Nimeshafikiria siku nilipotoa mahari." Akasaini.

Kilichobaki kilikuwa saini ya mzazi mwenzangu, na hapa ndipo penye kazi kwa wanawake wengi wenye hali kama yangu. Mtoto akihama na mzazi mmoja, yule anayebaki anatakiwa kujaza fomu ya kukubali, IMM 5604. Baba wa binti yangu yuko Tunduma na biashara zake. Sikumpelekea karatasi kwa mtu wa basi. Nilikwenda na baba mdogo, tukakaa naye pamoja na kaka yake mkubwa, kikao cha wazee hasa. Hofu yake ilikuwa moja, na ilikuwa ya haki: mtoto atamsahau. Tulikubaliana simu za kila wiki, tukaandika, na likizo ya kwanza itakayowezekana mtoto aje kumwona. Akasaini mbele ya wakili, akatoa na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Kama una mzazi mwenza ambaye hamsalimiani, anza kupatana naye leo, fomu zingine zitangoja.

Ushahidi wa ndoa. Watu wanadhani ni picha za harusi tu. Fomu IMM 5532 inauliza mlikutana vipi, nani alijua, nani alihudhuria, mmewahi kuishi pamoja, mlikuwa na uhusiano gani kabla. Anayeisoma hajawahi kuona mshenga. Kwa hiyo kila kitu tulikieleza kuanzia mwanzo: barua ya posa ni nini, kwa nini mahari ya Kinyakyusa inatajwa kwa ng'ombe hata kama sehemu imelipwa kwa fedha, kwa nini ndoa yetu ilitangazwa kanisani kabla ya kufungwa, kwa nini kwenye sendofu mume hayupo kwenye picha nyingi. Tuliambatanisha ile karatasi ya mahari iliyosainiwa na wazee wa pande mbili, ikatafsiriwa. Tafsiri haiwezi kufanywa na ndugu wa mwombaji, kwa hiyo Kiingereza kizuri cha mume wangu hakikutusaidia. Tulimlipa mtafsiri, akaapa kwamba tafsiri ni sahihi.

Orodha ya nyaraka tuliyoifuata ilitaka picha zisizozidi 20 na mawasiliano yasiyozidi kurasa 10. Kuchagua ni kazi. Sikuchagua meseji za mapenzi. Nilichagua zile ambazo mtu wa nje akisoma anaona nyumba inaendeshwa: kodi ya fremu, homa ya mtoto, msiba wa shangazi yake Igawilo na michango tuliyotuma, ugomvi mdogo kuhusu ada ya shule tukaumaliza. Nikaweka miamala ya simu ya miezi mbalimbali na mihuri ya pasipoti yake alipokuja. Naamini kurasa zile zinatueleza kuliko picha ya keki.

Jambo jingine kwa wanaofunga ndoa mbali: tangu Juni 2015 uhamiaji wa Kanada hautambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe kimwili. Ndoa ya kuwakilishwa na wakili au kupitia simu, hata kama dini imeikubali, haikubebi kwenye maombi haya. Mwenzio asubiri likizo, aje.

Majina nayo myatazame mapema. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, NIDA, pasipoti na cheti cha ndoa vinatakiwa viseme mtu mmoja. Binti yangu anatumia ubini wa baba yake, mimi wa baba yangu, kwa hiyo tulieleza kwa barua. Cheti cha tabia njema cha polisi kinahitajika kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, na si kwa Tanzania tu bali kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita. Waliowahi kufanya kazi Uarabuni, hilo ni lenu.

Safari za Dar es Salaam sitazieleza sana, mnaijua barabara. Unashuka Kitonga, unapita Mikumi, unafika Mbezi umevimba miguu. Barua ya alama za vidole inakupa siku 30, na agizo la vipimo vya afya vilevile siku 30, na haviji lazima kwa pamoja. Wekeni nauli pembeni tangu siku ya kutuma maombi. Vipimo mtu mzima anapigwa eksirei ya kifua, anatoa damu na mkojo, kwa daktari aliyeteuliwa na uhamiaji wa Kanada tu. Mwenza anayedhaminiwa hakataliwi kwa sababu ugonjwa wake una gharama kubwa ya matibabu, sheria inamkinga kwa hilo. Nalisema kwa sababu najua dada ambaye aliogopa kuanza kwa sababu ya hali yake ya kiafya.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hii ndiyo sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Fedha niliziandaa. Sikuwa nimeandaa namna maisha yanavyosimama. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mbele: nilipe au nisilipe? Kikoba kinatoa mikopo, nikope na nani atarejesha nikiondoka? Binti anaingia darasa la nne, lenye upimaji wa kitaifa, nimhamishe shule au nimwache? Wifi zangu wananipenda, lakini kila tukikutana swali ni "viza imetoka?" Mama mkwe peke yake haulizi. Ananiletea parachichi kutoka Rungwe, tunaongea mengine.

Niliamua kuishi kama mtu anayebaki. Kodi nimelipa, mzigo wa vitenge nimeongeza, mtoto yuko shuleni kwake. Safari ikija, nitauza. Uamuzi huo umenituliza kuliko kufungua ukurasa wa maombi kila asubuhi, ukurasa ambao unataja hatua tu.

Wengi wanauliza kama unaweza kwenda kumtembelea mume wakati unasubiri. Unaweza kuomba viza ya matembezi, ada yake dola 100, na Mei 2023 serikali ya Kanada ilitangaza kuharakisha viza hizo kwa walio na maombi ya udhamini wa mwenza. Sisi tumeona fedha hiyo ni bora isubiri tiketi ya watu wawili. Wengine wanaogopa kupoteza uraia. Ukaazi wa kudumu si uraia, unabaki Mtanzania na pasipoti yako. Sheria yetu inagusa pale mtu mzima anapochukua uraia wa nchi nyingine.

Kama naipendekeza njia hii? Kwa wenye ndoa ya kweli na uvumilivu wa kukaa mbalimbali, ndiyo, na kwa moyo wote. Walioomba kutoka nje ya Kanada na kukataliwa, mdhamini ana haki ya kukata rufaa, na hilo lilikuwa sababu yetu ya kuomba mimi nikiwa huku.

La mwisho ni kwa wale ambao faili limeshatumwa. Familia ikibadilika kabla hujatua kule, lazima uwaarifu: mimba, mtoto aliyezaliwa, anwani mpya, ndoa kuvunjika. Vipimo vya afya vinaisha nguvu baada ya miezi 12, angalieni tarehe. Dada mmoja wa Tukuyu alijifungua mwezi uliopita, mumewe yuko Winnipeg, akaniuliza kama asubiri kwanza cheti cha RITA ndipo aseme. Nimemwambia aandike leo leo kwamba mtoto amezaliwa, jina na tarehe, cheti atakituma kikitoka.