Uzoefu wangu: "Kama kwenu ni rahisi, rudini kwenu"

Nyota mbili, na zote ni za dada aliyempiga bi mkubwa picha ya ultrasaundi kwa upole. Hospitali yenyewe sijaipa kitu. Ni ya umma, ya kaunti, hapa kisiwani Mombasa, wiki chache zilizopita.

Dirisha la malipo lilidai 1,500 kwa picha ya tumbo. Ng'ambo ya feri, hospitali ya kaunti jirani, Kwale, hutoza 1,000. Bi mkubwa aliuliza kwa adabu tofauti inatoka wapi. Keshia, kijana tu, hakubandua macho kwenye kompyuta: "Kama kwenu ni rahisi, rudini kwenu." Bi mkubwa akamwambia, "Mwanangu, nimeuliza tu."

Kwao ni Ng'ombeni, Kwale. Ukitoka Ng'ombeni kidogo tu ushaingia Shika Adabu, na Shika Adabu ni Mombasa. Alivuka kwa barua ya rufaa kwa sababu mashine ya huko ilikuwa imelala.

Sipingi kaunti kuwa na bei tofauti. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma na zahanati ziko chini ya kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, na kila bunge la kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha yenye jedwali la ada. Jeli, karatasi za kuchapia picha na mkataba wa fundi wa kuitazama mashine ni gharama. Kaunti inayotoza kidogo bila kutenga pesa za fundi itaishia kubandika karatasi mlangoni: MASHINE MBOVU. Ndiyo ile 1,000 ya ng'ambo. Kwa hiyo 1,500 ya mashine inayofanya kazi naweza kuielewa.

Nisichokielewa ni "kwenu". Fomula ya tatu ya kugawia kaunti pesa za taifa, iliyotumika mwaka wa fedha 2020/21 hadi 2024/25, iliipa afya asilimia 17, na katika hesabu hiyo mlikuwemo ziara za wagonjwa na siku za kulazwa. Mgonjwa wa Ng'ombeni aliyetibiwa kisiwani alihesabiwa kisiwani, kwenye mgao wa Mombasa. Vipi basi afukuzwe dirishani kama mdoezi?

Na anayeumia ni yule yule. Pale SHA, bima ya afya ya serikali, inapolipa, bei ni moja nchi nzima: kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000, Lamu na Turkana sawa. Lakini mama wa mahamri asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Akishindwa, analipa taslimu, na bei ya taslimu ndiyo hiyo ya kila kaunti na yake.

Basi ukifika dirishani, kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa omba kuona orodha ya bei. Kisha soma risiti. Ya kwetu iliandikwa "malipo ya hospitali 1,500", basi. Risiti isiyotaja kipimo huwezi kuilinganisha na jedwali lolote, na hata malalamiko yako hayatakuwa na mguu. Irudishe palepale, itolewe upya ikiwa na kila huduma na bei yake. Ukishindwa kulipa, usibishane na keshia, hana uwezo wa kusamehe. Mtafute afisa wa ustawi wa jamii kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, maana bili ikishafungwa kuipunguza ni shida. Na ikiwa ni dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu, awe na pesa au hana, awe wa Ng'ombeni au wa Makupa.

Risiti yetu ilichapishwa upya kwa dakika moja. Picha: 1,200. Faili mpya: 300.

Bi mkubwa alikuwa na faili pale tangu zamani, namba yake imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi aliyoishika mkononi muda wote huo. Tofauti ya kweli ya kaunti na kaunti ilikuwa shilingi 200, na 200 angelipa bila neno. Ile 300 tulirudishiwa baada ya kumwita msimamizi. Keshia hakusema hata "pole, mama".

Nyota mbili nimezifuta. Iwe moja, na apewe dada wa ultrasaundi.