Kukaa na wakwe au kuhamia fleti: familia za tabaka la kati India

Katika nyumba ya pamoja mjini Delhi, ugomvi huanzia jikoni. Mama mkwe ndiye mwenye kauli: chai iwekwe tangawizi kiasi gani, chapati zipikwe saa ngapi, nani kaacha feni ikizunguka chumba kitupu. Jioni hugombewa rimoti, baba anataka kriketi, mama tamthilia. Anayeumia zaidi ni mke wa mwana, arudiye kazini akakuta vyombo vinamngoja. Lakini mtoto akitoka shule humkuta bibi yake mlangoni, na hilo kwangu lina uzito kuliko kelele zote.

Fleti ya peke yenu ina utulivu. Ila kodi ya Mumbai humeza mshahara, na yaya naye anataka chake. Lawama huhamia kwenye simu: "Mbona Diwali hamkuja?" Wala kuhama hakuondoi wajibu, sheria ya mwaka 2007 inawataka watoto wawatunze wazazi wao wasiojiweza.

Wenye uwezo wachukue fleti mbili jengo moja, kila mwanamke na jiko lake.