Nilichonunua Zenith ni matundu: mwaka na nusu nikiunda ndege ya CH 750 gereji kwangu

Marehemu baba alikuwa fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, akitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Kazi yangu utotoni ilikuwa kumshikia chuma upande wa ndani huku yeye akigonga ribiti kwa nje. Kwa hiyo nilipofika Zenith Aircraft, kampuni inayouza vipande vya ndege za kujiundia, katika mji mdogo uitwao Mexico jimboni Missouri (dada yangu aliniuliza kama nina viza), bati halikunishangaza. Nilikwenda kukagua matundu. Kukata bati hata mwanagenzi anaweza. Shughuli ni kufanya tundu likutane na tundu.

Warsha yao ni ya siku mbili. Unapewa vipande vya usukani wa mkia, unauunda kwa mikono yako, unaondoka nao. Vipande hukatwa na kutobolewa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, nami nilipolaza bati juu ya mbavu, yaani fremu za ndani, matundu yalikaa sawa bila ubishi. Unabana kwa kliko, vile vishikizo vidogo vya springi, unasugua kingo, unavuta ribiti. Na ribiti zenyewe huvutwa kutoka upande mmoja tu, hakuna haja ya mtoto wa kushika chuma. Laiti zingekuwepo Kamukunji, ningecheza mpira zaidi.

Nikachagua CH 750 STOL, ndege ya watu wawili ya alumini ya aina ya 6061-T6, nikaanza kununua kwa mafungu: mkia, halafu mabawa. Mbele ya bawa kuna ubapa mwembamba usiosogea unaoiwezesha ndege kwenda polepole bila kuporomoka, ndiyo maana uwanja mfupi unaitosha. Kuubandika ubapa huo kulinila jioni nyingi kuliko nilivyodhani.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Saa tano usiku, macho mazito, nilitoboa ubavu nikiwa nimeugeuza nyuma mbele. Niliwapigia simu Zenith, nikaeleza bila kujitetea, nikauziwa ubavu mmoja tu, si fungu zima.

Anayetaka kuingia humu apige hesabu vizuri. Bei ya vipande haina injini, wala rafadha, wala saa za dashibodi, wala rangi. Injini mpya peke yake yaweza kukaribia bei ya bati lote. Tena usidhani utamlipa fundi akuundie: kwa Marekani, ili FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, iitambue kuwa ndege ya kujiundia, zaidi ya nusu ya kazi lazima ifanywe na watu wanaojiundia kwa kujifunza na kujiburudisha.

Yangu haijaruka bado. Mabawa yamening'inia ukutani, gari la mke wangu linalala nje kwenye theluji, na mwili wa ndege nitauagiza pikipiki yangu ninayoiuza ikipata mteja.