Kikao cha Kemia cha Jumamosi, Kondele: Kinamfaa Nani, na Ubebe Nini

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, anayetafuta mahali pa kufanyia marudio ya kemia jijini Kisumu anaweza kutumia nauli yake vibaya kuliko kuja hapa. Ni chumba cha kukodi karibu na Kondele, chenye sinki moja na meza mbili ndefu, na hakuna mwalimu anayehutubia. Wanafunzi wa kidato cha nne kutoka shule mbalimbali wanasimamiana wawili wawili, na ada ya Sh100 inanunua kemikali. Karatasi ya kwanza na ya pili, zenye alama 80 kila moja, mtu anaweza kuzihangaikia nyumbani. Ya tatu, ile ya vitendo yenye alama 40 kwa saa 2 na dakika 15, inahitaji jicho la mwingine juu ya mikono yako.

Titresheni, yaani kupima ukolezi wa myeyusho kwa kuudondoshea mwingine kutoka kwenye bureti mpaka umalizike, ndiyo wanayoifanya vizuri zaidi. Mmoja anafanya kazi, mwenzake anashika kalamu nyekundu na hafungui kinywa mpaka mwisho. Anaandika kila kosa: faneli iliyosahauliwa juu ya bureti, ambayo hudondosha matone baada ya usomaji wa kwanza na kufanya ujazo uonekane mdogo, kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, ambacho kikitoka katikati ya kazi huuongeza, pipeti iliyopulizwa ili itoe tone la mwisho, ilhali ilipimwa kwa hesabu kwamba tone hilo hubaki. Wageni wengi hukosea kwenye kusuuza. Bureti na pipeti husuuzwa kwa myeyusho utakaoingia ndani yake, lakini chupa ya koniko husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Ukiisuuza kwa myeyusho, umeshaongeza moli (kiasi cha kemikali) usizozihesabu.

Kisha wanabadilishana karatasi na kusahihisha jedwali la usomaji wa bureti kwa alama 5, moja moja: jedwali lililokamilika, desimali, usahihi, kanuni ya wastani na jibu la wastani. Hapa hawana huruma, na wanafanya vyema. Usomaji wa 24.6 ukikaa safu moja na 24.55, alama ya desimali imekwenda. Ukitumia desimali mbili, tarakimu ya mwisho ni 0 au 5 tu. Wastani huchukuliwa kwa thamani zisizopishana zaidi ya 0.2, na usahihi hulinganishwa na thamani ya shule, yaani jibu linalochukuliwa kuwa sahihi: ndani ya 0.1 ni alama nzima, ndani ya 0.2 ni nusu.

Kwenye hesabu, kosa wanalolikamata mara nyingi ni uwiano. Chukua 25.0 cm³ za kaboneti ya sodiamu zilizomalizwa na 24.60 cm³ za asidi ya haidrokloriki ya 0.10 M (moli kwa lita). Moli za asidi ni 0.00246. Moli mbili za asidi humaliza moja ya kaboneti, kwa hiyo kaboneti ni nusu yake, 0.00123, hivyo ukolezi ni 0.0492 M. Aliyesahau 2:1 anapata 0.0984 M na anaamini amefaulu.

Uchunguzi wa ioni nao unaendeshwa vizuri, ingawa kwa haraka mno. Mwenye kalamu nyekundu anakataa neno “angavu” pale panapotakiwa “usio na rangi”, kwa kuwa myeyusho wa salfeti ya shaba nao ni angavu na una rangi ya buluu. Mashapo (chembe ngumu zinazotokea ndani ya myeyusho) meupe yanayoyeyuka katika haidroksaidi ya sodiamu ya ziada yanabakiza alumini, zinki na risasi. Amonia ya ziada huyeyusha ya zinki pekee. Risasi hujitokeza kwa iodaidi ya potasiamu, mashapo ya njano. Tatizo ni kwamba wanamwaga haidroksaidi kwa mkupuo. Mashapo hutokea na kuyeyuka kabla hujayaona, unaandika “hakuna mashapo”, na mlolongo wote wa hitimisho unaharibika. Tone kwa tone, huku ukitikisa, mpaka izidi. Na ukitumia nitrati ya risasi kutafuta ioni kama kloraidi, asidi ya kuongeza baadaye ni ya nitriki. Ya haidrokloriki inaleta kloraidi yake yenyewe na mashapo mengine meupe.

Nishati ya joto wanaipitia juujuu. Grafu huchorwa, ila alama ya kutoa mbele ya ΔH (badiliko la nishati) inasahaulika na gramu zinachanganywa na kilo. Mwenye shida na mada hiyo atafute msaada kwingine. Kemia ya kaboni haiguswi kabisa.

Kasoro kubwa iko kwenye matayarisho. Haidroksaidi ya sodiamu hutumika ile iliyobaki Jumamosi iliyopita, na hewa imeshaipunguza nguvu kwa kaboni dayoksaidi. Gramu 2.0 katika 500 cm³ hutoa 0.1 M, na nusu lita inatosha watu watano wakifanya mara tatu na kusuuza. Basi itayarishwe asubuhi hiyo hiyo na kuzibwa kwa kizibo cha mpira. Thamani ya shule nayo ni wastani wa chumba kizima, yaani kosa la wengi linageuka kipimo. Heri achaguliwe mmoja mwenye mkono uliotulia, atitreti kabla ya wengine, na thamani yake ifichwe.

Maji ya bomba hayafai hapa, kwani kloraidi zake huleta ukungu kwenye nitrati ya fedha. Maji ya betri ya kituo cha mafuta, yaliyokenekwa, yanasaidia, lakini soma kibandiko: chupa jirani yake huwa ni asidi. Jambo la kuudhi ni chai na mandazi kuandaliwa juu ya meza ile ile ya nitrati ya risasi, ambayo ni sumu, na mabaki yake kumwagwa sinkini. Ndoo moja yenye kifuniko ingetosha.

Aliye na alama za C kwenye karatasi ya tatu atafaidika kuliko wote. Anayepata A tayari atakuwa msimamizi tu, ingawa kushika kalamu nyekundu nako kunamnoa. Njoo kabla ya saa tatu, kwa kuwa bureti ni sita na wa saba hutazama. Beba koti la maabara, kikokotoo, rula, kitambaa cha kufutia na kigae cheupe, maana vyao vimepasuka.