Sanduku la Michezo ya Utotoni: Gololi Safi, Kamba Fupi

Sanduku hili la mbao limelengwa kwetu sisi tuliokua tukicheza nje mpaka giza linaingia, nasi tunaahidiwa kwamba tukilifungua tutaurudia utoto wetu. Ndani yake mna gololi 20 za kioo na moja kubwa, kichezeo cha mbao cha kuzungusha kiitwacho pia, pamoja na uzi wake, kokoto 5 za mdako, kamba ya kuruka, chaki za kuchorea miraba na kijitabu cha kanuni. Nimelitumia kwa mwezi mmoja pamoja na wanangu na wenzao, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikicheza mwenyewe kuliko kusimamia.

Gololi hazina kasoro. Nilizipima nikakuta zina kipenyo cha milimita 16, ambacho ndicho kipimo cha kawaida, na nilipoziviringisha juu ya meza ya kioo zilikwenda moja kwa moja bila kupinda. Nilipiga goti, nikaegemeza ngumi chini, nikaifyatua ya kwanza kwa ukucha wa dole gumba. Ikachomoka upande, ikaniachia maumivu chini ya ukucha ambayo nilikuwa nimeyasahau kwa zaidi ya miaka 30. Ya tatu ilipata shabaha, na ule mlio mkavu wa kioo kugonga kioo ulinifanya nicheke peke yangu kama mwehu.

Kokoto, kwa upande wake, zinapendeza macho tu. Zimesuguliwa mpaka zikawa duara, kwa hiyo ukizirusha na kuzidaka kwa mgongo wa kiganja zinateleza zote na kuanguka. Zamani tuliweza kumaliza asubuhi nzima tukichagua kokoto zenye ubapa kidogo na uzito unaolingana. Aliyezichagua hizi bila shaka alizitazama, hakuzirusha. Pia nayo ilikuja na msumari uliopigiliwa nje kidogo ya kitovu, hivyo iliyumba tangu ilipogusa ardhi, hata uzi ulipoviringwa vizuri kuanzia chini kwenda juu. Niliung'oa msumari, nikaupigilia upya, na sasa inazunguka vizuri.

Lawama yangu kubwa ni kamba. Ina urefu wa mita 2, ambao unamtosha mtu mmoja anayefanya mazoezi ya viungo, ilhali mchezo tuliouzoea ulihitaji wazungushaji wawili, mrukaji katikati na foleni ya wanaosubiri kuingia, jambo lisilowezekana bila kamba inayokaribia mita 4. Isitoshe, ni ya plastiki nyepesi: haiachi mikunjo iliyokuwa nayo ndani ya sanduku, wala haichapi ardhi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomwambia anayesubiri kwamba wakati wa kuingia umefika. Nimeiweka kando, nikanunua kamba nene ya katani.

Kijitabu kimechapishwa kwa uangalifu, na jalada lake lina mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1560 unaoonyesha watoto zaidi ya 200 wakiwa katika michezo mbalimbali. Chini kushoto utawaona wawili wakirusha vifupa, ndugu wa karibu wa mdako wetu. Tatizo ni kwamba kila swali limekwisha kujibiwa humo. Kimeamua mstari uchorwe wapi, nani aanze, na hata lile suala lililotugombanisha kuliko yote, yaani kama mshindi aondoke na gololi alizozigonga au azirudishe. Kijitabu kinasema azirudishe. Sisi tulikuwa tukilijadili jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, tukiapa na kutishiana kuvunja urafiki, na sidhani kama mchezo ungenoga bila ubishi huo. Siku ya pili nilikifungia kabatini.

Kwa anayetaka gololi nzuri na yuko tayari kuitengeneza ile pia na kutafuta kamba nyingine, sanduku hili linafaa. Anayetarajia kulifungua na kuanza mara moja asubiri toleo jingine. Langu sasa lina gololi ndogo 17. Tatu zilizopungua ziliondoka mfukoni mwa mtoto wa jirani, ambaye alinieleza kwa heshima zote kwamba amezishinda.