Norwei 1918 na 1921: mbunge mmoja kwa jimbo, au kura za uwiano?

Mwaka 1918 Wanorwei walichagua mbunge mmoja kwa kila jimbo, kwa duru mbili. Chama cha Wafanyakazi kilizoa karibu theluthi ya kura, kikaambulia viti 18 kati ya 126. Kwa haki ya hesabu, basi, uwiano ulioanza 1921, yaani viti kugawiwa kwa kadiri ya kura za kila chama, unashinda kwa mbali: safari hii chama hicho, kikiwa kimeshameguka, kilipata asilimia 21 ya kura na viti 29 kati ya 150. Ila mizani haikukaa sawa kabisa, maana viti 100 vilitengewa mashamba na 50 miji.

Kwa ukaribu na mpiga kura, mfumo wa zamani ndio bora. Kwenye uwiano unapigia kura orodha ya chama, na orodha huwezi kuibishia hodi.

Utulivu? Uwiano hulaumiwa kwa serikali ya Waziri Mkuu Hornsrud ya 1928, iliyodumu siku 18 tu. Naona lawama hiyo imezidi. Hata 1918 hakuna chama kilichopata wingi.

Chama chako kikiwa na wafuasi waliotawanyika nchi nzima, dai uwiano. Ukitaka mtu wa kumuuliza kuhusu daraja la kijijini, baki na jimbo.